Barua ya Wazi kwa Bodi ya Shule: Wafundisheni Watoto Wetu Pakanga Iliyo Nyuma ya Uzio

Kwa: Mwenyekiti na Waheshimiwa Wajumbe wa Bodi ya wilaya yetu ya shule
Nakala: Msimamizi Mkuu wa wilaya, walimu wakuu wote, wazazi wanaosoma Kiswahili

Treasure Valley, Idaho
Aprili 2025

YAH: WATOTO WETU KUFUNDISHWA NYIKA YA PAKANGA WANAMOISHI

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima zote. Mimi ni mama wa watoto watatu wanaosoma katika shule zenu. Jambo hili nimewaletea mara mbili kwa barua za Kiingereza, Septemba 2023 na Februari 2024, nikisaidiwa na binti yangu mkubwa. Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwa mistari miwili ya shukrani. Oktoba mwaka jana nilikuja kwenye mkutano wenu kabla ya zamu yangu ya usiku, nikapewa dakika tatu. Mkalimani niliyeahidiwa hakufika. Nilisema nilichoweza, mkanishukuru tena, mkahamia kwenye suala la maegesho ya magari. Ndiyo maana leo naandika hadharani. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ninayowazia, na kwa sababu wazazi wenzangu waliotoka Kongo na Burundi wana haki ya kujua ninawaombea nini watoto wao. Ofisi yenu ina wakalimani, nao watawasomea.

Nianze na kisa kilichonifanya nishike kalamu.

Mei 2023 mwanangu wa mwisho alikuwa darasa la pili. Walikuwa wanasoma makazi ya wanyama: wiki mbili msitu wa Amazon, wiki mbili savana ya Afrika. Mwalimu wake, mama mwema ninayemheshimu hadi leo, alimwomba asimame awasimulie wenzake habari za simba. Mtoto huyu alizaliwa hapa hapa Idaho. Alisimama, akanyamaza, akakaa. Jioni aliniuliza, "Mama, simba ananukaje?" Nami sikuwa na jibu. Nilizaliwa Fizi, nikaishi miaka kumi na mitano katika kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, na simba sijamwona kwa macho yangu.

Kesho yake nilimfuata shuleni mapema. Nyuma ya uzio wa kiwanja cha mpira kuna kipande cha ardhi ambacho hakijajengwa, kina vichaka vya rangi ya majivu vinavyonifika kiunoni. Nilichuma jani, nikalisugua kiganjani, nikampa anuse. Alifumba macho. Akasema, "Hii ni harufu ya mvua." Kweli, mvua ikinyesha hapa kwetu ndivyo mji mzima unavyonukia. Alikuwa amepita kando ya mmea ule kila asubuhi tangu aanze chekechea, na hakuna mtu mzima hata mmoja aliyewahi kumwambia jina lake.

Hapa wanauita sagebrush. Wataalamu wanauita Artemisia tridentata, artemisia ya meno matatu, kwa kuwa ncha ya jani lake imekatwa meno matatu. Ni wa ukoo mmoja na artemisia ambayo kwetu watu huchemsha kwa ajili ya malaria, na ukoo huo ndio wa pakanga, ile chungu inayotajwa katika Ufunuo. Kwa hiyo mimi nauita pakanga, na nyumbani kwangu ndilo jina lake.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Watoto wanafundishwa kwamba mazingira yako mbali.

Ukiendesha gari kutoka hapa kuelekea mji wa Mountain Home, utasikia watu wakisema, "Hakuna kitu hapa." Binti yangu naye alikuwa akisema hivyo. Amelisoma neno hilo kutoka kwetu watu wazima, na shule haikumsahihisha. Lakini nyika hii ya pakanga imetanda Idaho, Nevada, Oregon, Wyoming na majimbo mengine ya magharibi, na aina zaidi ya 350 za viumbe zinaitegemea. Karibu nusu ya eneo lake la zamani imekwisha kupotea, na kwa hesabu ya watafiti wa serikali iliyotolewa 2022, takriban ekari milioni 1.3 za nyika iliyokuwa nzima zimekuwa zikiharibika kila mwaka.

Kuna sungura kibeti, mdogo kuliko sungura wote wa Amerika Kaskazini, hafiki nusu kilo. Jina lake la kisayansi limebeba jina la jimbo letu: Brachylagus idahoensis. Majira ya baridi chakula chake karibu chote ni majani ya pakanga, na mashimo yake anayachimba chini ya pakanga iliyo ndefu, kwenye udongo laini. Kuna ndege mkubwa wa ukoo wa kuku na kwale, kwa Kiingereza sage-grouse, ambaye madume yake hukutana alfajiri za mwezi wa tatu na wa nne kwenye uwanja wa ngoma, uwanja ule ule mwaka hadi mwaka, wakavimbisha vifuko vya manjano kifuani na kuvipiga kama mtu anayezibua chupa. Wakati theluji imefunika kila kitu ndege huyu hula majani ya pakanga peke yake, na badala ya kukonda ananenepa. Tangu 1965 idadi yao imepungua kwa karibu asilimia 80. Mtoto wa darasa la nne anaweza kunichorea chui wa Amazon kwa madoa yake yote, na ndege huyu hajawahi kumsikia.

Hata udongo una mambo. Kati ya kichaka na kichaka, pale ambapo hapajakanyagwa sana, kuna ngozi nyeusi iliyojikunja, imefumwa kwa kuvu, vijimea na bakteria wadogo mno. Mimi naiita ukoko, maana imeshika ardhi kama ukoko wa wali unavyoshika sufuria. Ukiukanyaga unavunjika, na kupona kwake ni miaka mingi. Ukoko huo huzuia udongo usipeperushwe na upepo. Nayo mizizi ya pakanga hushuka chini sana, na usiku huvuta maji ya huko chini ikayaachia karibu na juu, mimea midogo jirani nayo ikanywa. Somo kama hili linahitaji kitu gani zaidi ya mwalimu, kioo cha kukuzia na nusu saa?

2. Watoto hawaambiwi kwa nini milima yetu inaungua.

Hili ndilo linaloninyima usingizi, kwa hiyo mnivumilie.

Mwishoni mwa Juni 2016 tulikuwa tumefika Marekani miaka miwili tu, tumepanga nyumba Boise. Usiku niliamka nikaona dirisha jekundu. Kilima cha Table Rock kilikuwa kinawaka. Mimi najua maana ya kuamka usiku ukaona mlima mwekundu. Nilianza kufunga nguo za watoto kwenye kitenge kabla hata sijamwamsha mume wangu. Baadaye tuliambiwa kijana mmoja alifyatua fataki. Ekari zipatazo 2,500 ziliteketea kwa fataki ya dakika moja. Mwaka mmoja kabla, Agosti 2015, radi ilianzisha moto wa Soda huko Owyhee, ukala ekari kama 279,000. Agosti 2008, kabla sisi hatujafika, moto uliopanda kutoka kwenye nyasi na vichaka kusini mashariki mwa Boise uliteketeza nyumba kumi na kumuua mtu mmoja. Na Oktoba iliyopita, siku chache kabla sijasimama mbele yenu, moto wa Valley ulichoma karibu ekari 10,000 za malisho ya baridi ya kulungu.

Nyuma ya mioto hii kuna mmea ambao watoto wangu wanautoa kwenye soksi kila kiangazi. Jina lake la Kiingereza, cheatgrass, maana yake ni nyasi laghai. Ulikuja kutoka Ulaya na Asia mwishoni mwa karne ya 19. Unaota vuli, unakua mapema kuliko mimea ya hapa, na mwezi wa sita tayari umekauka kama karatasi. Zamani nyika hii iliweza kukaa miongo mingi, hata miaka mia, bila kuungua mahali pamoja. Penye nyasi laghai, katika bonde la mto Snake, kuna sehemu ambazo moto umekuwa ukirudi kila baada ya miaka michache.

Wenzangu tuliotoka kambini, hapa tusikilizane. Kule Nyarugusu tulikata miti kwa ajili ya kuni, sote tunajua, kila mwaka tukitembea mbali zaidi kuitafuta. Lakini miyombo ukiikata, kisiki hubaki hai, mvua zikija kinachipua. Pakanga kubwa haiko hivyo. Ikiungua imekufa, haina kisiki cha kuchipua. Mbegu zake ni ndogo kuliko ulezi, na nyingi huanguka mita chache tu kutoka kwa mama yake. Moto ukichukua bonde zima, hakuna mbegu ya kurudi, na nyasi laghai inaingia kwanza. Mtoto akilijua jambo hili moja, akifika miaka kumi na minane na kushika fataki karibu na mlima mwezi wa sita, atakuwa na sababu ya kuirudisha mfukoni.

Machi mwaka huu watu wa kanisa letu tulijiunga na wanaojitolea kupanda miche kwenye mteremko ulioungua na moto wa Valley. Ardhi ilikuwa nyeusi bado, ikitoa mavumbi ya masizi kila tukipiga jembe. Miche ilikuwa na urefu wa kidole, mizizi yake imeshikamana na udongo kwa umbo la karoti. Mwanangu alipanda kumi na saba. Aliufukia kila mmoja kwa vidole, akaukandamiza kwa kisigino kama alivyoelekezwa, halafu akamuuliza msimamizi itachukua muda gani hadi ikue kama zile za nyuma ya shule. Msimamizi hakumdanganya. Alimwambia mingi itakufa kiangazi cha kwanza, na itakayopona ataiona kubwa akiwa kijana. Mwanangu alifikiri, akaomba mche mwingine. Njiani aliniuliza kwa nini haya hawafundishwi shuleni. Swali hilo nawaletea ninyi.

3. Wanaofundishwa ni wachache, nao si watoto wetu.

Nimeuliza kwa wazazi wa shule nne za wilaya hii. Shule zilizo karibu na milima, ambako wazazi wana uwezo wa kuchanga, watoto wameshapelekwa kwenye vituo vya mafunzo ya nje kule Boise. Shule yetu, ambako watoto wengi wanakula chakula cha bure, haijaenda hata mara moja katika miaka niliyokuwa mzazi hapo. Simlaumu mwalimu mkuu. Bajeti ya safari inategemea michango ya wazazi, na sisi mchango wetu ni mdogo.

4. Wenye ardhi hii wanatajwa kama watu waliokufa.

Kwenye kitabu cha mwanangu, Washoshone na Wapaiute, wenyeji wa asili wa hapa, wamo katika kurasa za mwanzo, kisha wanapotea. Hawajapotea. Wapo Duck Valley, mpakani mwa Idaho na Nevada. Washoshone na Wabannock wapo Fort Hall. Pakanga kwao ni dawa na ni sehemu ya ibada hadi leo. Sisi tuliofukuzwa kwenye mashamba yetu tunajua inavyouma kusimuliwa kana kwamba umekwisha.

Najua majibu mtakayonipa, kwa sababu mengine nimeshapewa.

Mtasema hakuna pesa za mabasi. Pakanga iko nyuma ya uzio, hatua mia moja kutoka mlango wa mkahawa wa shule. Safari moja kwa mwaka nitafurahi kuipata, lakini somo linaweza kuanza Jumatatu kwa miguu.

Mtasema mitihani ya kusoma na hesabu imebana ratiba. Wapeni watoto kamba ya mita moja kwa mita moja, wahesabu pakanga ni ngapi na nyasi laghai ni ngapi, watoe asilimia, waandike walichokiona. Hiyo ni hesabu na ni kusoma. Tena mtoto wangu wa kati, ambaye hachukui kalamu bila kugombezwa, aliandika kurasa mbili juu ya mwewe aliyemwona akinyakua kindi wa ardhini kule kwenye hifadhi ya ndege wawindaji kando ya mto Snake. Hifadhi hiyo, Morley Nelson, iliundwa na Bunge la Marekani 1993, iko kusini mwa Kuna, haifiki saa moja kwa gari kutoka hapa. Sehemu kubwa ya vichaka vyake imeshaungua, na kindi ambao ndege wawindaji huwala wanategemea mimea hiyo.

Mtasema kuna nyoka. Kweli wapo, tena wenye sumu, na mimi ni mama kama mama wengine. Pelekeni watoto mwezi wa Novemba. Wakati huo nyoka wamejificha kwa baridi, na ndipo mbegu za pakanga zinapokomaa. Watazikusanya wenyewe kwenye mifuko ya karatasi.

Mtasema walimu hawakufundishwa jambo hili. Hapa hapa Idaho kuna magereza ambako wafungwa wamekuwa wakiotesha miche ya pakanga kwa ajili ya ardhi ya umma iliyoungua. Nawapongeza kwa moyo wote. Kama mtu anaweza kujifunza kazi hiyo gerezani, mwalimu mwenye digrii anaweza kuijifunza kwa siku mbili za semina, na mtoto asisubiri hadi maisha yaharibike ndipo afundishwe kuotesha mche. Kitalu cha serikali cha Lucky Peak kinaotesha miche hiyo jirani na Boise. Watu wa kuwauliza wapo.

Na mmoja wenu aliniambia kwenye korido kwamba habari za nyika zina siasa: wafugaji, ardhi ya serikali kuu, yule ndege. Naelewa. Lakini mwaka 2015 serikali ilipoamua kutomweka ndege yule kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka, ilitaja kazi waliyoifanya pamoja wafugaji, majimbo na watu wa uhifadhi. Mwiteni mfugaji darasani aseme yake, na mtaalamu wa wanyama aseme yake. Watoto wetu wanaweza kusikiliza watu wawili wasiokubaliana.

Ninachowaomba ni hiki:

a) Kila darasa la nne, katika kila shule ya wilaya, lifundishwe nyika ya pakanga pamoja na historia ya Idaho ambayo tayari linaisoma. Masomo yasiyopungua mawili yafanyike nje: moja Novemba, moja majira ya kuchipua.

b) Somo la moto na nyasi laghai litolewe shule zote mwezi wa Mei, kabla ya fataki za Julai, na karatasi yake itumwe nyumbani kwa Kiswahili na lugha nyingine za wazazi. Wengi wetu hatukujua kwamba gari lililoegeshwa kwenye nyasi kavu linaweza kuwasha mlima.

c) Pesa za safari zitoke wilayani, zigawanywe kwa idadi ya watoto, zisitegemee michango ya wazazi wa shule husika.

d) Wazee wa Shoshone-Paiute waalikwe kufundisha, kwa ridhaa yao, na walipwe kama mnavyomlipa mtaalamu mwingine yeyote.

e) Ardhi ile nyuma ya uzio iachwe iwe darasa. Wiki tatu zilizopita niliona vigingi vimepigwa pale, vimefungwa utepe wa rangi ya chungwa, kimoja katikati ya kichaka kikubwa kuliko vyote. Nilimuuliza mlinzi, hakujua. Nilipiga simu ofisini, nikaambiwa nitapigiwa, sijapigiwa. Naomba mtuambie wazi vigingi vile ni vya nini, na ujenzi wowote usimame hadi wazazi wasikilizwe. Pakanga ile huenda ina umri wa kunizaa mimi. Ikifyekwa, hakuna fedha itakayoirudisha watoto hawa wakiwa bado shuleni.

f) Jibu la barua hii litolewe kwa maandishi, likiwa na jina la mtu atakayesimamia jambo hili, kabla ya mkutano wenu wa Mei.

Mkutano huo nitakuja. Nitakuja na mkalimani wangu mwenyewe, mama mwenzangu wa kanisani, na mwanangu wa darasa la nne ameomba dakika moja kati ya zangu tatu. Nakala yenye sahihi za wazazi arobaini na mmoja nitaileta ofisini kwa mkono Jumatatu asubuhi, nikitoka kazini. Naomba awepo mtu wa kuipokea na kunigongea muhuri.

Kwa heshima,

Mama Neema
Mzazi wa watoto watatu
Treasure Valley, Idaho